Wateja Wapendwa

Hoekegem, Jumapili, 5 Novemba 1978

Mwanangu Firmin,

Naomba barua hii ikukute umekula. Naanza na salamu kwa zamu, maana nikimruka mmoja atanisumbua mwezi mzima. Bibi yako Zulma anakusalimu, yuko dirishani kwenye kiti chake, anasema jua la ugenini lina udanganyifu, uvae fulana ya ndani. Dada yako Christiane anakusalimu, na mume wake Gerard, na mtoto wao Els ameota jino la tatu na ananiuma kidole nikimpa mkate. Mbwa wetu Bobon hawezi kusalimu lakini bado analala juu ya viatu vyako vya zamani. Njiwa wa marehemu baba yako wamebaki kumi na mmoja. Alhamisi ilikuwa siku ya Marehemu, nilimpelekea baba yako maua meupe, nikamwambia umeshapata timu Italia. Upepo ulikuwa mkali, nikarudi mapema.

Irma, mjane wa mwokaji, anakusalimu. Odiel anakusalimu na anataka niandike kama alivyosema: "Katibu wa Mashabiki wa Firmin anamsalimu Firmin mwenyewe." Nimeandika. Na wengine wote wa baani kwetu wanakusalimu, arobaini na watatu, sitawataja, karatasi itaisha. Mimi sijambo, ila vidole asubuhi vinakataa kukunjuka.

Sasa mambo. Watu bado wanauliza habari za mguu wako. Kila anayeingia hafungui koti kabla ya kuuliza, "Alida, mguu wa mtoto?" Nawaambia unaendelea. Wanasema wakikumbuka siku ile ya mbio za baiskeli za sikukuu yetu, wewe na Rudy wa Stavelede mmewaacha wote nyuma, na mvua ile, na wewe ukiwa na nguvu kuliko yeye kila mtu akiona, halafu pale kwenye kona ya mlango wetu wenyewe musuli ikakukatikia na Rudy akashinda, wanasema moyo uliwauma kuliko wewe. Irma alilia. Nawaambia ndiyo mbio zilivyo.

Jambo lingine. Mwezi uliopita Odiel aliitisha watu, wakaenda kwa miguu mpaka kikanisa cha Bikira Maria kule Kapelhoek kukuombea. Kilomita kumi na nne, Firmin, na Odiel ana nyonga mbovu na miaka sabini na moja. Walichanga wakanunua kwa masista mguu wa nta, mkubwa kama mguu wa mtoto, wa kulia, wakautundika ukutani pamoja na mikono na miguu ya nta ya watu wengine wanaoomba kuponywa. Nami nilikwenda nao. Wakasema mama ndiye aubebe. Nikaubeba.

Ile mashine ya kufulia uliyoninunulia kabla hujaondoka nimeifunika kwa kitambaa. Bado sijaizoea.

Tarehe 20 Januari ni karamu ya mwaka ya mashabiki wako, kuku wa mchuzi mweupe na chipsi kama kawaida. Odiel anaomba uwaandikie barua isomwe mbele ya watu. Hata mistari mitano. Uandike mapema, mwanangu, posta ya huko siijui.

Mama yako,
Alida


Bergamo, 9 Desemba 1978

Mama yangu mpendwa,

Nasalimu wote, bibi, Christiane, Gerard, Els. Mimi ni mzima. Tunakula tambi mchana na jioni. Chumba nakaa na Mholanzi anayekoroma. Mazoezi ni milimani na milima ya huku si vilima vyetu.

Mvae nguo nzito, nasikia huko baridi imeanza. Bibi asikae dirishani.

Barua ya karamu nimeiweka humu kwenye bahasha yake, imefungwa. Mpe Odiel.

Mashine ya kufulia itumie, Mama. Ndiyo kazi yake.

Mwanao,
Firmin


Hoekegem, 28 Januari 1979

Mwanangu Firmin,

Bibi yako anakusalimu, amepona kifua. Christiane na Gerard wanakusalimu, Els anatembea kwa kushika viti. Bobon mzima. Njiwa ni tisa, wawili wamekufa kwa baridi, theluji ilifika kwenye vitasa vya milango siku ya mwaka mpya na Gerard alitoka kwa dirisha la jikoni kwenda kuchota makaa. Irma anakusalimu. Odiel hakuniambia nikusalimu safari hii, lakini najua angetaka.

Karamu ilikuwa Jumamosi ile nyingine. Watu walijaa mpaka ngazini. Niliona haya, Firmin, na sijui nikuambieje, nitakuambia kama ilivyokuwa.

Odiel hakutaka bahasha ifunguliwe kabla. Alisimama, akagonga glasi, akasema, "Barua ya Firmin itasomwa na mama yake, maana yeye ndiye mwenye nyumba na mwenye mtoto." Watu wakapiga makofi. Unajua mimi kusoma kwangu ni kwa kidole. Nikaweka kidole. Neno la kwanza nikadhani macho yangu, nikarudi mwanzo. Lilikuwa lile lile.

"Wateja wapendwa. Kwa niaba ya timu nawashukuru kwa uaminifu wenu msimu uliopita. Tutaendelea kuwahudumia vizuri msimu ujao. Fulana mpya za timu zitapatikana kuanzia Machi. Firmin Verhelst."

Nikakaa chini. Ningekuwa na akili ya haraka ningesoma "mashabiki" na hakuna ambaye angejua. Lakini kidole hakijui kudanganya. Mdomo ndio unaojua.

Chipsi zilisikika zikikaangwa jikoni. Irma ndiye aliyeanza. "Mteja? Mimi? Miaka kumi nasimama kwenye matope na chupa ya kahawa mkononi, kumbe nilikuwa dukani? Basi niletewe risiti!" Watu wakacheka, cheko lile la kusaidia. Na Gerard, unamjua mdomo wake, akasema, "Mteja ni mfalme, mzee Odiel! Leo umevishwa taji!"

"Nyamaza wewe, kula kuku," akasema Odiel.

Alichukua karatasi mkononi mwangu, akavaa miwani, akaisoma tena peke yake toka juu mpaka chini, kana kwamba kuna mstari nilioruka. Akaikunja mara nne. Akasema, "Ameandika alichoandika. Tule." Na karamu ikaendelea lakini saa nne watu walikuwa wameshavaa makoti. Mwaka jana waliimba mpaka padre akaja kugonga.

Mwanangu, wewe umekulia chini ya meza za baa hii. Umesahau baba yako alivyokuwa anatufundisha? Mtu akiingia kwa sababu ya mvua, akanywa, akalipa, huyo mnunuzi, mwambie asante. Akirudi mpaka anajua msumari wake wa kutundikia kofia, huyo mteja, mjue jina. Lakini shabiki humwambii karibu, alisema, shabiki unamwambia sogea nipite. Anaingia nyuma ya kaunta anajimiminia bia mwenyewe na anaweka sarafu kwenye kopo bila kuangaliwa. Ubao ule juu ya mlango wetu, MASHABIKI WA FIRMIN, baba yako aliupaka rangi ukiwa na miaka kumi na mitano na hujashinda hata mbio moja. Walikuja kabla hujawa na kitu cha kuwapa.

Sasa unawaitaje wateja? Niambie ni mtu wa timu alikuandikia. Niambie ni haraka. Nitawaambia chochote utakachoniambia, na hapo ndipo ninapojiogopa.

Mama yako,
Alida


Bergamo, 25 Februari 1979

Mama yangu mpendwa,

Pole kwa karamu. Sikujua italeta maneno.

Ni kweli ni timu. Kuna bwana wa ofisini, tai kila siku, alituweka darasani siku mbili akatufundisha. Anasema watu wanaonunua fulana na wanaokuja barabarani ni wateja wetu, na tuwaite hivyo kwa heshima. Waendesha baiskeli wote wanaandika hivyo sasa. Mama, sisi si watoto wa kijiji tena, hii ni kazi. Neno ni neno tu. Mwambie Irma asikasirike.

Juzi nilikuwa wa nne kwenye mbio za huku. Mguu ni mzima. Tafadhali mzuie Odiel asiende tena kule Kapelhoek na nyonga yake.

Hujaniambia kama unatumia mashine.

Nasalimu wote.

Firmin


Hoekegem, 18 Machi 1979

Mwanangu Firmin,

Bibi anakusalimu. Christiane anakusalimu, Gerard, Els. Bobon. Njiwa tisa. Wote wazima, sitaandika zaidi juu yao leo maana nikianza nitajificha humo humo mpaka karatasi iishe, najijua.

Ile habari ya wa nne ilitoka kwenye gazeti la michezo, mstari mmoja, Odiel aliukata akaubandika ukutani. Unajua wanasemaje? Wanasema mguu wa nta umefanya kazi. Bikira amesikia. Odiel amekwenda kwa padre, na padre ameshasema itaandikwa kwenye karatasi ya parokia, na Jumatatu ya Pentekoste, tarehe 4 Juni, tutakwenda wote kwa maandamano mpaka Kapelhoek na bendera ya mashabiki mbele kushukuru kwa kuponywa kwako. Irma anashona utepe wa kuandikwa NEEMA IMEPOKELEWA. Na mama mtu, wamesema, atasimama mbele ya watu aeleze jinsi ulivyoumia na jinsi ulivyopona.

Firmin, mimi siwezi.

Nitasema sasa ninachokijua, wewe kama hutaki kusema, nitasema mimi. Siku ile nilikuwa pale konani na ndoo na sponji. Ulikuwa mbele ya Rudy urefu wa baiskeli mbili. Ulitazama chini ya kwapa lako, ukamwona anakuja, ukaacha kukazana, ukakaa kwenye kiti cha baiskeli. Mtu aliyekatikiwa musuli uso unageuka, nimeona wengi. Wewe uso wako ulikuwa kama mtu anayesubiri treni. Halafu ukashika paja. Ulipopita mbele yangu ulishika la kushoto. Uliposhuka baada ya mstari wa mwisho, watu wamekuzunguka, ulishika la kulia.

Nani mwingine aliona? Hakuna. Wao walikuwa wanatazama uso wako, wanalia. Mimi mama ndiyo nilitazama mikono.

Ukapanda ngazi ukajifungia chumbani bila kusema neno. Watu wamejaa baa, maji yanawatiririka, wananiuliza mimi. "Alida, kitu gani? Musuli? Mguu gani?" Nikasema ndiyo, musuli. Nikasema wa kulia. Hakuna aliyenilazimisha. Wewe hukusema uongo siku ile, Firmin, ulinyamaza. Uongo niliusema mimi.

Na Jumatano yake alikuja mjomba wake Rudy, mchana, baa tupu. Akanywa bia moja akiwa amesimama. Akasema, "Mwanao ni muungwana, mama, mwambie tumeshukuru." Akaweka glasi akaenda. Ijumaa mashine ya kufulia ikaletwa na gari.

Nafua kwa mikono tangu siku hiyo. Hiyo ndiyo habari ya mashine uliyokuwa unauliza.

Najua mbio zinauzwa. Nimekaa nyuma ya kaunta miaka thelathini, nimesikia mbio za Stavelede zikiuzwa, za mjini zikiuzwa, nimecheka pamoja na waliouza. Lakini ile yetu, mtaa wetu, mlango wetu, na Odiel amesimama kwenye mvua tangu saa sita na bendera imelowa mpaka inamwekea rangi nyekundu shingoni. Halafu kilomita kumi na nne nimebeba mguu wa nta kifuani kama mtoto mchanga, na kila tulipopumzika Odiel ananiuliza, "Umechoka, Alida? Nikupokee?" Yeye ananiuliza mimi! Na anachechemea. Nikasema sijachoka. Usiku huo sikula.

Mimi nimesoma mpaka darasa la nne lakini najua Bikira si mtu wa kutiwa kwenye uongo wa jikoni kwangu.

Niambie ukweli ili niujue wote, maana nusu ndiyo inayoniua. Usikawie.

Mama yako


Hoekegem, Jumatatu ya Pasaka, 16 Aprili 1979

Firmin,

Bibi anauliza kama posta imekufa. Nimemwambia njia ni ndefu. Hata yeye sasa namdanganya.

Utepe umekwisha kushonwa. Wameutundika kwenye ukuta wa baa niuone kila ninapopanguza glasi.

Mama


Bergamo, 29 Aprili 1979

Mama yangu,

Barua yako ya Machi nimeikunja na kuikunjua mpaka imekatika kwenye mikunjo. Niliandika majibu matatu, nikachana.

Ni kweli. Yote uliyoona.

Mimi nilikuwa nimeshasaini na Waitalia tangu Agosti. Rudy hakuwa na kitu, timu yake ilikuwa inamwacha, mke wake mjamzito. Ikiwa imebaki mizunguko miwili alinisogelea akaniambia, "Wewe huihitaji hii. Mimi bila hii narudi kiwandani." Tukapatana tukiendesha. Ningekuambia nilimhurumia, na nilimhurumia kweli, lakini nilipokea pesa, Mama. Mtu mwenye huruma hapokei. Nilidhani nikikununulia kitu kizuri itakuwa kama nimeiosha.

Sikushika paja kwa sababu nilipanga. Nilimwona Odiel. Alikuwa anapiga kelele jina langu, sauti imemkauka, nikahisi lazima kitu kiniume. Ndiyo maana sikukumbuka ni mguu gani.

Kuhusu lile neno. Bwana wa tai yupo kweli na darasa lilikuwepo kweli, lakini hakunishika mkono. Nilikaa mezani nikaandika "Mashabiki wangu" na kalamu ikasimama hapo. Nilikaa nusu saa. Mteja unaweza kumwuzia kitu, hata kibovu, mkalipana mkaachana. Shabiki hakununua chochote kwangu, alikuwa ananipa tu. Sasa yeye anakupa, wewe umekwenda kumwuza. Mtu wa hivyo utamwita nini? Nikaona nikiwaita wateja basi nilichofanya kinakuwa kidogo. Ni biashara tu, imekwenda vibaya. Nikaandika haraka, nikafunga bahasha kabla sijaisoma.

Humu ndani kuna barua nyingine, ya Odiel. Haikufungwa. Isome. Ukitaka mpe, ukitaka ichome jikoni. Nakuachia wewe, na najua kukuachia wewe ni woga mwingine.

Mimi sitakuja tarehe 4. Tuna mapumziko wiki hiyo baada ya mbio za hapa, ningeweza, lakini siwezi kupita ule mlango chini ya ule ubao.

Nisamehe.

Firmin


Hoekegem, Jumatatu, 14 Mei 1979

Mwanangu Firmin,

Bibi anakusalimu, nimemwambia yote, akanitazama sana akasema alijua tangu mashine ilipokuja, maana wewe hujawahi kununua kitu bila kuuliza bei mara tatu. Christiane anakusalimu, amelia. Gerard ameacha mizaha, ni mara ya kwanza tangu nimjue. Els mzima, hajui lolote, Mungu ambariki. Bobon mzima. Njiwa tisa, wawili wameatamia.

Barua yako ya Odiel niliisoma kwa kidole mara mbili. Ilianza na neno lenyewe lile lililokuwa limekukwama. Sikuichoma.

Jana baada ya misa walikuja wote kama kila Jumapili. Odiel na karata, Irma na kikapu chake, wengine wanajimiminia. Nikasema nina neno. Wakadhani ni la maandamano, Irma akasema, "Jizoeze, Alida, ongea kwa sauti, siku ile kutakuwa na watu mpaka wa Stavelede!"

Nikasema, "Mguu haukuumia."

Odiel akacheka. "Umepona, tunajua."

"Haukupona, Odiel. Haukuumia. Niliwaambia uongo mimi, siku ile ile, hapa niliposimama. Nikaubeba uongo huo mpaka Kapelhoek na mkanipa maji njiani."

Halafu nikampa barua yako. Alisoma polepole, midomo inacheza. Hakuna aliyemharakisha. Alipomaliza akamwambia Irma, "Ng'oa utepe." Irma akasema, "Odiel, subiri kwanza." "Ng'oa." Akaung'oa yeye mwenyewe, akiwa kwenye kiti, na nyonga ile, hakuna aliyethubutu kumshika mkono. Akaenda nje akashusha bendera. Akaikunja vizuri akaiweka kwapani.

Irma hakunitukana. Ningependa angenitukana. Alisema tu, "Niliwasha mshumaa kila Ijumaa, Alida. Tangu Septemba." Nikasema najua. Akasema, "Ulinikopesha kiberiti."

Kilichofuata ndicho ninachotaka ukisikie, kuliko vyote. Hawakutoka. Nilidhani watatoka, waende kwenye baa ya pale stesheni, wangekuwa na haki. Walikaa. Lakini mmoja mmoja waliokuwa nyuma ya kaunta wakatoka wakaenda upande wa mbele. Wakakaa kwenye viti. Odiel akaja mbele yangu, akavua kofia, akaishika mkononi, hakuitundika kwenye msumari wake. Akasema, "Madamu, bia moja tafadhali." Akaweka sarafu juu ya kaunta, akasubiri chenji.

Madamu! Tumefahamiana tangu nikiwa na miaka saba. Nilimmiminia, povu likafurika. Akasema asante sana. Na Irma naye, "Madamu, kahawa moja." Wote arobaini, Firmin. Hakuna aliyekosa adabu. Nimehudumia baa hii miaka thelathini na jana nilikuwa nimejaa wateja mpaka ukutani, na sikuwa na mtu.

Nilipanda juu nikakaa kitandani kwako.

Leo asubuhi nimekuta mlango wa nyuma unagongwa. Odiel, bila bendera. Hakutaka kuingia. Alisimama pale kwenye mapipa akasema, "Nimelala nikifikiri. Mteja akidanganywa anahamia duka jingine, kesho amesahau. Shabiki akidanganywa hana pa kuhamia. Mimi nihamie wapi, Alida, nina miaka sabini na moja, nikamshabikie nani?"

Nikasema, "Ungenipiga ningeona nafuu."

"Sikuja kukupa nafuu," akasema. Kisha akasema, "Ule mguu hauwezi kubaki pale ukutani. Kuna watu wametundika pale miguu ya kweli, watoto wa kweli. Lazima ushushwe. Na mimi siushushi. Wewe huushushi. Aliyetundikiwa ndiye aushushe kwa mkono wake, atembee kwa miguu toka mlango huu na kurudi nao mlango huu, bila baiskeli. Jumatatu ya Pentekoste sisi tutakuwa hapa saa mbili asubuhi, tumeshapanga kutembea na tutatembea. Akija, tutakwenda naye. Sitamwambia neno njiani, wala asitegemee. Lakini nitakuwa nyuma yake, kwa sababu nyuma yake ndiko ninakojua kukaa."

Nikamwuliza, "Na asipokuja?"

Aliangalia ubao juu ya mlango wa mbele, unauona toka pale kwenye mapipa ukijipinda kidogo. Akasema, "Basi nitaleta ngazi." Akaenda zake anachechemea.

Padre nimemwambia. Ameiondoa habari hiyo kwenye karatasi ya parokia. Mashine nimempa Gerard aipeleke kwa masista waliotuuzia mguu, wana nguo nyingi za wagonjwa. Nisamehe kama ilikuwa zawadi.

Mwanangu, mimi sikuhukumu, maana tuko kwenye shimo moja na mimi ndiye niliyelichimba pana. Sikuambii uje kwa ajili yangu. Siku hiyo mimi nitatembea hata wewe usipokuja, nitakuwa wa mwisho kabisa, nyuma ya Irma. Lakini usiku wote nimekuwa nikikuwaza ulipokuwa na miaka kumi na mitano, umekuwa wa thelathini na tano kwenye mbio zako za kwanza, umejaa tope mpaka menoni, na Odiel ameshika bendera anapiga kelele kama umewashinda wote. Hakuwa ameuziwa kitu siku ile.

Barua toka kwako huchukua siku tisa au kumi. Nimehesabu kwenye kalenda ya bucha, ukikaa nayo zaidi ya siku moja haitawahi. Kwa hiyo safari hii usiandike habari za tambi wala za Mholanzi. Hata salamu acha, bibi yako amesema amekusamehe salamu. Chukua karatasi, andika naja au siji, tia stempu, ipeleke posta leo hii hii kabla hujavua viatu. Nijue kama siku ile Odiel aje na bendera au aje na ngazi.

Mama yako,
Alida